Mwenyekiti Aliyerudishwa Nyumbani

Ukitaka kumuudhi Mwenyekiti, mpe kiti akae. Alisikiliza kesi amesimama, alikunywa chai amesimama, na hata alipoingia dukani kwangu kunijulia hali, mguu mmoja ulikuwa umeshageukia kule alikokuwa anakwenda. Vijana wa machimbo walimtania kwamba kitongoji kizima kilimpigia kura apewe kiti, na kiti chenyewe hajawahi kukikalia. Alicheka nao huku akiondoka.

Tulikuwa majirani kwa miaka mingi pale kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo. Duka langu la dawa na nyumba yake vilitenganishwa na ukuta mmoja, kwa hiyo nilisikia sufuria zake na yeye alisikia wateja wangu. Mama yule aliongoza kitongoji kwa vipindi viwili. Baadaye watu walichagua mwingine, lakini jina lilibaki kwake. Hata huyo mwenyekiti mpya alimwita Mwenyekiti.

Uongozi wake ulikuwa wa mbio. Miaka ile dhahabu ilipotoka kwa wingi upande wa bondeni, watu walimiminika kutoka kila mkoa, na ugomvi wa kugombea mifuko ya mawe ukawa wa kila siku. Wagomvi walipofika kwake, mmoja alianza kusimulia tangu alipotoka kwao Singida, basi alilopanda, ndugu aliyempokea, na jinsi alivyopata nafasi kwenye duara, yaani lile shimo la kuchimbia. Mwenyekiti alimkatiza.

"Baba, anza na mwisho. Mwisho wake unataka nini?"

"Nataka mifuko yangu, Mwenyekiti."

"Na wewe?"

"Aniombe radhi. Kanitukania mama."

"Mpe mifuko yake. Na wewe mwombe radhi. Nendeni mkale."

Waliondoka wamenuna, lakini waliondoka bila damu, na mahali kama pale hilo halikuwa jambo dogo.

Haraka yake haikuchagua mahali. Ugali wake ulikuwa na mabonge kwa sababu aliupakua kabla haujaiva. Aliwahi kupanda mpunga kwa kuona wingu moja, mvua ikakaa kimya, akapanda tena. Panadol aliinunua kwangu na kuimeza pale pale bila maji, kisha akauliza mbona kichwa bado kinauma. Kazi moja tu ilimkalisha chini, nayo ni kuchambua mchele. Hapo alivuta kigoda, akaweka ungo mapajani, na aliweza kukaa tangu baada ya chakula cha mchana mpaka jua linaelekea kuzama, ametulia kama mtu mwingine kabisa. Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akasema, "Mchele haubishani."

Jambo jingine ambalo watu wengi hawakulijua ni kwamba aliogopa sindano. Yeye ndiye aliyewasukuma wanawake wajawazito kwenda kliniki, yeye ndiye aliyembeba mgongoni kijana aliyeangukiwa na matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za duara, mpaka kituo cha afya, lakini akiona bomba la sindano limeelekezwa kwake alitafuta mlango.

Nilianza kushuku kwa sababu ya kitambaa. Siku zote alifunga kitambaa chake kisogoni, masikio na shingo wazi, kama mtu anayetaka kusikia kila kitu. Msimu mmoja wa kiangazi alianza kukizungusha shingoni, na joto lilikuwa la kuchoma. Nilimkuta uani anafua.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mayu," aliitikia, yaani mama, kwa Kisukuma chake.

"Shingo inauma?"

"Haiumi. Kama ingeuma ningekwambia."

"Basi nione."

Alinung'unika, akafungua. Pande zote mbili za shingo, chini ya ngozi, kulikuwa na vinundu kama punje za maharage. Nilivigusa. Havikuuma kweli. Alisema vimekuwapo tangu kabla ya mavuno, na alikuwa anasubiri viondoke. Niliposikia Mwenyekiti anasema neno kusubiri, nikajua ameogopa.

Watoto wake wawili walikuwa mbali. Binti aliolewa Ushetu na alikuwa na mtoto mchanga. Mwanawe, Shija, alikuwa kwenye machimbo ya Nyarugusu. Mimi ndiye niliyekwenda naye. Hospitali ya wilaya walipima damu, wakapima tena, wakatuandikia kwenda hospitali kubwa ya Mwanza. Mwanza walichukua damu nyingine, yeye amefumba macho na kunibana mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, wakatuambia turudi kwa majibu.

Daktari aliyetupokea siku ya majibu alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake. Alimwamkia vizuri, akamvutia kiti. Mwenyekiti akabaki amesimama.

"Anza na mwisho, daktari."

Daktari alinitazama mimi kwanza, kisha akamtazama yeye. "Mwisho siujui, mama. Najua mahali tulipo leo. Ukikaa nitakueleza."

Akakaa. Nilikuwa sijawahi kumwona akimtii mtu haraka namna ile.

Daktari alisema ni saratani ya damu. Alilitaja neno lenyewe bila kulizungusha. Akaendelea kwamba saratani ya damu ziko za aina nyingi, na hii ni ile inayokwenda polepole sana. Kuna watu wanaishi nayo miaka mingi, wengine hawaji kuhitaji dawa kabisa. Damu yake bado ilikuwa na nguvu, hakuwa na homa, hakuwa amekonda. Kwa hali hiyo hawataanza dawa. Atakuwa anakuja kila baada ya miezi kadhaa, wanapima damu, wanaangalia tezi. Siku ugonjwa ukionyesha dalili za kuamka, ndipo wataanza. Kuanza mapema hakuongezi maisha, alisema, na dawa zenyewe zinachosha mwili.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo mnanirudisha nyumbani."

Kwetu neno hilo lina maana moja. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani ni yule ambaye hospitali imemshindwa, ndugu wanaambiwa wamchukue wakamtunze mpaka hapo Mungu atakapopenda. Nadhani daktari alilijua, maana aliacha kuandika, akaweka kalamu chini.

"Hapana, mama. Unakwenda nyumbani kwa sababu una nguvu za kwenda nyumbani. Na nakupa tarehe. Usipokuja, nitakupigia simu mimi mwenyewe."

Tulitoka. Alinitangulia mpaka mahali wanapouza samaki. Alichagua sato wakubwa, akabishana na muuzaji kwa sauti ile ile ya siku zote, akawafungasha. Ndipo akanigeukia.

"Daktari mzuri yule. Ila hebu niambie, Mama Neema. Mwizi yumo ndani, tumeshamwona, tunaye kwenye kona. Halafu mwenye nyumba anaambiwa endelea kupika, sisi tutakuwa tunachungulia dirishani. Wewe ungelala?"

Mimi mwenyewe nauza dawa. Mteja akija na ugonjwa akaondoka mikono mitupu, anarudi kunitukana. Kumpeleka mtu wangu mpaka Mwanza, akakutwa na saratani, tukarudi na samaki, lilikuwa jambo lililonishinda kulielezea hata kwa mume wangu.

Kitongoji nacho kilielewa kwa namna yake. Mwenyekiti alimpigia simu binti yake wa Ushetu akiwa uani, sauti juu, na kati ya maneno yote aliyosema wapita njia walichukua moja tu: amerudishwa nyumbani. Kesho yake asubuhi wanawake walianza kuingia. Walikuja na unga, na kuku, na michembe ya viazi vilivyokaushwa. Walikaa kwenye mkeka, wameinamisha vichwa, wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu walioko msibani. Mama mmoja aliyekuwa mwimbaji wa kwaya aliuliza kama kuna wimbo anaoupenda. Kijana mmoja alionekana anafyeka njia ya kuingilia kwenye boma ili magari yapite.

Mwenyekiti alitoka ndani, akawatazama. Nilidhani angewafukuza.

"Mmekuja kunisaidia?"

"Ndiyo, Mwenyekiti. Tuko nawe."

"Wabeja, asanteni. Karanga zangu ziko shambani, zimekauka, zinataka kung'olewa. Anayenipenda achukue kikapu."

Walitazamana. Nani angemkatalia mtu anayekufa? Shamba zima la karanga lilikwisha kabla ya saa sita, naye akiwa katikati yao, ameinama, anang'oa kuwazidi wote. Jua lilipokuwa kali baadhi yao walianza kumtazama kwa mashaka.

Alikuja pia mzee mmoja aliyegombania naye mpaka wa shamba tangu zamani. Mzee alipiga magoti, akasema hataki waachane na kinyongo. Mwenyekiti akamwambia amemsamehe, na ili roho yake itulie kabisa, mpaka urudi ulipokuwa. Mzee akakubali mbele ya mashahidi. Miaka iliyofuata, alipokuwa akimwona Mwenyekiti anatembea kwenye mpaka huo na jembe begani, alilalamika kwa kila mtu kwamba alitapeliwa. Alipolalamika kwangu nilicheka mpaka nikashindwa kumrudishia chenji yake.

Hayo tuliyacheka baadaye. Siku ile, wageni walipoondoka, alikuja dukani, akaegemea meza, na kwa mara ya kwanza akaniomba kiti.

"Wewe unanionaje? Nimeshakuwa na sura ya maiti?"

"Hapana, Mwenyekiti."

"Mimi nikijitazama kwenye kioo sioni kitu. Hicho ndicho kinachonitisha. Ningekuwa naumwa ningepambana."

Kisha akaja Shija. Alikuwa amepata, kama wanavyosema wenyewe huko Nyarugusu. Duara lao lilikuwa limefika kwenye mwamba mzuri, akakodi gari mpaka mlangoni kwa mama yake. Ni kijana mwema, mwenye mabega mapana na sauti kubwa kama ya watu wanaofanya kazi karibu na mashine za kusaga mawe. Alimwamkia mama yake, hata maji hakunywa.

"Mama, jiandae. Tunakwenda Dar. Dar wakishindwa tunakwenda India."

"Kufanya nini?"

"Kutibiwa!"

"Wamesema bado."

"Bado nini? Saratani inasubiriwa? Wamekuona mwanamke wa kijijini, huna mtu. Sasa mtu yupo." Akanigeukia mimi, nikiwa nimekuja na sahani ya wali. "Na wewe Mama Neema, unajua dawa, ukaitikia tu ndiyo daktari, ndiyo daktari?"

"Nilimuuliza maswali yote niliyoweza, Shija. Majibu yalikuwa ya mtu anayejua anachofanya."

"Daktari anayejua hutoa dawa."

Hilo nililisikia kwa wengi, na silaumu mtu. Shija alikuwa ametafuta fedha miaka yote kwa ajili ya siku kama ile, siku ambayo mama yake angehitaji kitu naye aweze kukileta. Siku ilifika na hakuna aliyetaka kupokea. Nilimwona anazunguka uani kama mtu aliyebeba mzigo mzito na hajaonyeshwa mahali pa kuutua.

Hakwenda naye Dar. Mwenyekiti alikataa, akasema tarehe yake ya Mwanza ipo. Lakini Shija alimwachia chupa. Aliinunua kwa mtu mmoja mpitaji aliyekuwa akiuza dawa kwenye mnada, anayesifiwa kwamba anamaliza uvimbe wa kila aina. Maji yake yalikuwa meusi na harufu yake kama betri. Mimi sikuambiwa.

Mwenyekiti aliambiwa anywe kikombe kidogo asubuhi na jioni, lakini kwa haraka yake ile akaona bora aimalize upesi. Siku chache baadaye sikusikia sufuria upande wa pili wa ukuta. Nilikwenda. Nilimkuta sakafuni karibu na kitanda, midomo imekauka, amejitapikia, anajaribu kuniambia kwamba si kitu. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nilipiga kelele, majirani wakaja, wale wale wa karanga, tukambeba mpaka kituo cha afya.

Walimtundikia maji usiku na mchana. Mganga wa kituo alisema figo zimestuka na kwamba angechelewa zaidi tungekuwa tunazungumza mengine. Shija alirudi kutoka Nyarugusu, akakaa kwenye benchi la nje, akalia bila kujificha. Mwenyekiti alipoweza kuzungumza alimwita.

"Acha kulia. Hukunishika mdomo."

"Nilitaka upone, mama."

"Na mimi nilitaka. Tulikuwa wawili."

Hakumlaumu tena, wala hakuruhusu mtu mwingine amlaumu. Lakini ule mwili ambao ugonjwa wenyewe haukuwa umeugusa, ulikondeshwa na ile chupa, na ilichukua mvua zote za mwaka ule kurudi.

Safari iliyofuata ya Mwanza alikwenda akiwa amejiandaa kukaripiwa. Alimweleza daktari kila kitu, safari hii akianzia mwanzo. Daktari hakukaripia. Alipima figo, akaangalia damu, akasema saratani yenyewe iko pale pale ilipokuwa. Kisha akauliza swali ambalo sikutarajia.

"Mama, katika kusubiri huku, kigumu zaidi ni kipi?"

Mwenyekiti alifikiri. "Ni kama kuna mgeni kaingia kwangu. Hasemi amefuata nini, hasemi ataondoka lini. Watu wote wananiambia tulia tu. Mimi sijui kutulia. Nipe kazi."

Daktari akampa kazi. Alimfundisha kugusa tezi za shingo, za kwapani na za kinenani, mara moja kwa mwezi na si kila saa. Akamweleza dalili za kumfanya aje bila kungoja tarehe: homa isiyoeleweka, jasho la kulowesha shuka, nguo kuanza kupwaya, kuchoka kusiko kwa kawaida. Akamwambia asidharau kikohozi, maana kinga yake si ya kuitegemea sana, na asinywe dawa ya mtu yeyote bila kuuliza. Mwenyekiti aliyarudia yote, akiyahesabu kwa vidole, kama kiongozi anayepokea maagizo ya kwenda kuyatangaza mkutanoni.

Kuanzia hapo alibadilika, ingawa si kwa namna ya kuwafurahisha watu wote. Ugonjwa ule aliufanya kuwa sehemu ya utawala wake. Mtu akikohoa karibu yake alimhamishia upande wa pili wa uani. Mwisho wa mwezi alifunga mlango, akajikagua, akatoka na kunitangazia kupitia ukutani, "Mama Neema! Kimya!" Nami nikajibu, "Asante Mungu!" na wateja wangu wakashangaa tunazungumza nini.

Ila wiki ya kwenda Mwanza hakuna aliyemsogelea. Sote tuliiita wiki ya damu. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Aligombana na mbuzi. Alianza kuchambua mchele mara tu baada ya kifungua kinywa, na nilijua kwa wingi wa mchele uliochambuliwa jinsi alivyolala. Akirudi na jibu kwamba hakuna mabadiliko, alipika kwa ajili ya mtaa mzima, ugali wa mabonge, na tuliula wote kwa furaha.

Miaka ilipita hivyo. Wale waliokuja kumzika walichoka kungoja, na taratibu wakahamia upande wa pili: wakaanza kusema amepona. Haikuwezekana mtu arudishwe nyumbani na saratani, asitibiwe, anenepe, halafu isiwe muujiza. Kanisani kwake wakamwandalia Jumapili ya kutoa ushuhuda. Alinialika. Mimi si wa kanisa lile, lakini nilikwenda, nikakaa karibu na mlango.

Mchungaji, mtu mpole aliyemtakia mema tangu siku ya kwanza, alimwita mbele. Vigelegele vikapigwa. Akampa kipaza sauti.

"Waambie ndugu zako, mama, Bwana amekutendea nini."

"Amenitunza," alisema Mwenyekiti. "Mpaka leo nala, nalima. Namshukuru."

"Na saratani iko wapi sasa?" Mchungaji aliuliza huku akitabasamu, akisubiri neno.

Niliona anashusha kipaza sauti, kisha anakirudisha mdomoni. Najua ingekuwa rahisi. Watu walikuwa wamesimama tayari kushangilia, na nadhani hata yeye alitamani kwa dakika moja kulisema neno lile na kulisikia likishangiliwa.

"Ipo," alisema. "Ipo humu ndani, na mimi nipo. Mwezi ujao nakwenda kupima. Mniombee nifike, maana barabara mnaijua."

Mtoto akacheka mahali fulani, kisha watu wazima kadhaa nao wakacheka, na Mchungaji, namsifu kwa hilo, akasema, "Basi tumwombee safari," akaomba.

Tulipotoka nje mwanamume mmoja wa makamo, mwenye mashine ya kusaga mawe, alimfuata mpaka nyuma ya jengo. Alikuwa amevua kofia. Nilitaka kuwapisha, Mwenyekiti akanishika mkono nibaki.

"Mwenyekiti, na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Ni saratani ya ile tezi ya wanaume. Wamesema ni ndogo, haina haraka, tuwe tunaiangalia. Sijarudi kupima tangu waliponiambia."

"Kwa nini, baba?"

"Niliona kama wamenikatia tamaa kwa upole. Hata mke wangu hajui."

"Walikupa tarehe?"

"Walinipa. Imepita."

"Basi hawakukukatia tamaa. Mwezi ujao nakwenda Mwanza. Utapanda basi moja na mimi. Na leo ukifika nyumbani mwambie mama watoto kabla hujala."

Alipanda. Baada yake walikuja wengine, mmoja mmoja, wengi wao wakijifanya wamekuja dukani kwangu kununua kitu. Baadhi yao, walioambiwa na daktari wangoje, aliwaambia ngojeni. Kwa wengine, kama dada mmoja mwenye uvimbe wa titi aliyesikia kwamba Mwenyekiti hakutibiwa na akataka naye akae tu nyumbani, alikuwa mkali mpaka akamtia machozi. "Mimi niliambiwa na daktari ningoje! Wewe umeambiwa na nani? Wako unaweza kuwa wa kukimbia. Vaa viatu." Walikwenda siku hiyo hiyo. Dada yule alifanyiwa upasuaji na leo ana duka la vitenge.

Mimi nilihama Mwakitolyo mume wangu alipopata kazi Geita. Tulizungumza kwa simu, kisha simu zikapungua kama zinavyopungua. Mara ya mwisho nilipomwona ni mwaka huu, asubuhi ya siku ya soko. Nilikuwa nafungua dirisha la duka langu jipya nikasikia hodi, na kabla sijaitikia alikuwa ameshaingia. Nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Uso umejaa.

Nilimwamkia, nikamkumbatia, nikamuuliza anatoka wapi. Akasema anakwenda Nyarugusu, mke wa Shija amejifungua mapacha, na mapacha hawawezi kuachiwa watu wasio na uzoefu. Kisha, huku anakagua rafu zangu kuona kama nimepanga vizuri, akasema, "Nilianza dawa."

Niliketi. "Lini?"

"Tangu mwaka jana, kabla ya masika. Tezi zilikua, damu ikapungua, nikachoka mpaka nikashindwa kupanda kilima cha kwenda kisimani. Nikaenda bila kungoja tarehe. Daktari wangu akaniambia, mama, sasa wakati wake umefika. Vidonge, miezi kadhaa."

"Mbona hukuniambia, Mwenyekiti?"

"Ungelia. Kama unavyolia sasa."

Nilikuwa nalia kweli. Nilimuuliza kama hakuona vibaya, miaka yote ile ya kungoja, halafu mwisho wake ikawa ni dawa zile zile ambazo wangempa mwanzo.

Alinishangaa. "Vibaya kwa nini? Nimepata wajukuu watano katika miaka hiyo. Nimevuna mpunga kila mwaka. Ningekuwa nimeyatumia yote hayo nikitapika kwenye ndoo. Vidonge vilinichosha, sikatai, kuna siku sikuinuka. Lakini nilivikuta nikiwa na mwili." Alisukuma boksi moja la dawa liwe sawa na mengine. "Tezi zimenywea. Damu imepanda. Sasa wamesema tumerudi kule kule, kuangalia. Nikawaambia hiyo kazi naijua."

Nilimpikia chai na mihogo. Alinisimulia habari za Mwakitolyo, nani kahama, nani kapata, nani kafunga duka. Yule mwenye mashine ya kusaga bado yuko, anapanda naye basi la Mwanza, na mke wake anawafungia chakula cha njiani. Kisha akatazama nje, akaona gari la Nyarugusu limeanza kupakia, akabeba mfuko wake.

Nilimsindikiza. Alibishana na kondakta kuhusu mahali pa kuweka mfuko, akashinda, akapanda, akafungua dirisha.

"Mapacha nitawapa majina mimi," alisema. "Shija anafikiri ataniwahi."

"Utakaa huko mpaka lini?"

"Mpaka waanze kutambaa. Halafu nina Mwanza, halafu kilimo. Mwakani ukifika wakati huu nitapita tena hapa na hao watoto, nilale kwako siku mbili. Una chumba?"

"Ninacho."

"Kiweke neti. Mbu wa kwenu wana kelele."

Gari likaondoka. Jioni ile nilipofunga duka, nilipitia sokoni nikanunua neti kubwa, ya kutosha bibi na watoto wawili.